Mhusika wangu hugeuka mtoto mwingine kila ukurasa: nichore nini kabla ya kutia rangi?

Kalamu ya Moro
Wanajukwaa, salaam. Nimepewa muswada wa kitabu cha picha cha kurasa 24, unaohusu msichana mdogo aliyetumwa dukani kununua mafuta ya taa, ambaye kila akipiga hatua chache husimama kushangaa jambo. Nilimchora akiwa amesimama na kutazama mbele, na mhariri akaridhika. Nilipoanza kumchora akikimbia, akichuchumaa au akionekana kwa nyuma, mara akawa wa miaka minne, mara wa miaka kumi. Naomba kujua namna mnavyomjenga mhusika kwa penseli, na mnatambuaje kwamba sasa mmempata.

Babu Penseli
Ndugu yangu, umeanza na uso, nao mimi huuacha mpaka mwisho. Umri wa mtoto hukaa kwanza katika uwiano wa mwili. Mtu mzima urefu wake ni kama vichwa saba na nusu, mtoto wa miaka mitano ni takriban vichwa sita, na wachoraji wa vitabu vya watoto mara nyingi hushusha hadi vinne au hata vitatu ili kichwa kionekane kikubwa. Amua idadi yako, kisha usiikiuke, hata anapochuchumaa. Kumbuka pia kwamba macho ya mtoto hukaa chini kidogo ya nusu ya kichwa, ukiyapandisha, umemzeesha.

Baada ya hapo mchore akifanya yale yaliyomo katika hadithi, kwa mistari ya haraka, bila macho wala pua, ukijaza karatasi za bei nafuu ambazo hutaona uchungu kuzitupa. Chukua ile chupa ya mafuta. Akiikumbatia kifuani kwa mikono miwili, huyo ni mtoto aliyeonywa sana kabla ya kutoka nyumbani. Akiishika shingoni kwa vidole viwili na kuibembeza, amekwisha kusahau alikotumwa. Ukishajua ni yupi kati ya hao wawili, mabega, shingo na mwendo vitafuata, na hata akigeuka nyuma utamtambua.

Mama Wino
Babu, shikamoo. Kuhusu uwiano sina neno, ila kuuacha uso mpaka mwisho sikubaliani nako, kwa sababu msikilizaji wa miaka minne hutafuta macho kwanza.

Wewe Kalamu, jaribu jambo moja: ujaze umbo zima la msichana kwa wino mweusi, pasibaki kitu ndani. Asipotambulika hivyo, umbo lake bado halijakamilika. Ndiyo maana ningemsuka mabutu badala ya twende kilioni. Twende kilioni hulala kichwani na kupotea katika umbo jeusi, lakini mabutu mawili huonekana mbele, nyuma na hata akiwa mdogo pembeni mwa ukurasa.

Mavazi nayo yasiamuliwe siku moja. Quentin Blake alipokuwa akichora *The BFG*, kitabu cha Roald Dahl kilichotoka mwaka 1982, jitu ambalo ndilo mhusika mkuu lilivikwa mabuti kwanza, lakini mwandishi hakuridhika na michoro. Mavazi yakafikiriwa upya, na Dahl akamtumia Blake kwa posta sandali yake mwenyewe, ambayo ndiyo ikawa viatu vya jitu. Kwa hiyo usione haya kumpelekea mwandishi michoro ambayo haijakamilika, maana huenda maneno ndiyo yatakayobadilika.

Kalamu ya Moro
Shikamoo Babu, na asante dada. Kikwazo ni kwamba mhariri anataka avae sare ya shule na viatu vyeusi, kwa hiyo mavazi hayatanisaidia. Je, nitengeneze karatasi moja ya kumwonyesha mbele, ubavuni na nyuma, niwe nainakili?

Babu Penseli
Marahaba. Karatasi hiyo itakufaa kwa kupimia, lakini ukiinakili, msichana atakakamaa. Mimi huweka mchoro wa penseli chini ya karatasi safi, juu ya kioo chenye taa, kisha nachora upya nikiutazama, bila kufuatisha mstari kwa mstari. Pale unapobadilika kidogo ndipo uhai unapoingia. Sare isikutishe: soksi moja iliyoshuka na kola iliyokaa upande humtofautisha na darasa zima, mradi soksi ibaki ya mguu uleule.

Mama Wino
Na kabla ya rangi, chora kurasa zote 24 kwa vichoro vidogo katika karatasi moja, zile zinazotazamana zikae pamoja. Hapo utaona ni wapi amesimama vilevile mara tatu mfululizo, na wapi uso wake umeangukia penye mkunjo wa katikati, ambapo pini zitaumeza.