Riflekta za vijana wa kupakia usiku, nichukue rangi gani? (Mtwara)

Kijana wa Chikongola:
Habari wakuu. Nasimamia vijana wa kupakia na kushusha mizigo hapa Mtwara, msimu wa korosho ndo huo maghala yanajaa, semi zinaingia mpaka usiku na fokolifti inarudi kinyumenyume watu wapo nyuma yake. Vesti tulizonazo zimepauka. Nimepewa hela ninunue mpya, nichukue njano ya kung'aa au machungwa? Dukani wananiambia rangi ndo kila kitu

Zamu ya Usiku:
Hapo wamekupoteza kaka. Ile rangi inang'aa kwa miale ya jua, giza likiingia imekufa. Usiku kinachookoa mtu ni tepe ya fedha, inarudisha mwanga wa taa za gari kulekule ulikotoka, yaani kwa dereva. Iwe na upana wa sentimita 5, izunguke kiuno chote na ipande mabegani, sio vipande viwili kifuani, maana anayegongwa na fokolifti anaweza kuwa kaipa mgongo. Kabla hujalipa itundike gizani, simama mbali, shika tochi ya simu usawa wa macho. Isipowaka iache hapohapo.

Njia ya Masasi:
Nakazia. Rangi angalia nyuma ya mtu kuna nini. Sisi tupo barabarani, pembeni mikorosho, njano ya kijani inapotelea kwenye majani, machungwa inajitokeza. Ghalani kwenye magunia ya kahawia njano iko poa. Na lebo isome, iandikwe ISO 20471, hicho ni kiwango cha kimataifa cha nguo za kuonekana, na daraja, 1 mpaka 3, 3 ndo inaonekana zaidi. Penye magari yanayozidi kilomita 60 kwa saa ni daraja 3, vesti isiyo na mikono haifiki huko.

Kijana wa Chikongola:
Asante sana ndugu zangu. Sasa na joto hili si watazivua? Halafu bosi anataka awakate vijana hela ya vesti

Zamu ya Usiku:
Chukua za wavu, za kufunga kwa velkro, ikinaswa na mashine inaachia. Vumbi likifunika tepe haiwaki tena, kwa hiyo fueni kwa sabuni ya kawaida, jiki hapana, brashi hapana, na lebo inasema mwisho mara ngapi.

Kuwakata hapana kabisa kaka, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ndo atoe vifaa vya kujikinga, mwambie bosi kabla OSHA, wale wakaguzi wa serikali wa usalama kazini, hawajamwambia. Na nunua za akiba, msimu ukichanganya vibarua wapya wanaingia kila siku