Nimewalea tangu Nyarugusu: je, uraia wangu unawafikia?

Kutoka: Shangazi, Dayton

Wakubwa shikamooni, na wengine wote salamu.

Naomba msaada, na nitaeleza kila kitu ili msilazimike kukisia. Tulifika hapa Ohio, Marekani, mwaka 2017 kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kwenye faili letu walikuwamo wanangu watatu na watoto wawili wa marehemu kaka yangu, ambaye alifariki pamoja na mkewe kabla hatujavuka ziwa. Wa kike sasa ana miaka 14, wa kiume ana 17. Yule msichana nilimpokea hajaanza kutembea. Wote wawili wananiita mama, hawajui kuniita jina lingine.

Mwaka juzi niliapa uraia. Wanangu watatu wakapata pasipoti bila shida. Nilipowapeleka hawa wawili posta kuombea pasipoti, karani alipekua karatasi moja moja, akafika kwenye ile amri ya mahakama ya kaunti tuliyoipata 2018 ili waandikishwe shule. Akaweka kidole juu ya neno moja, akanigeuzia karatasi nilione vizuri. Nimeandikwa mlezi. Si mzazi.

Nilirudi nyumbani nikamwaga mezani mfuko wa IOM, lile shirika la uhamiaji lililotusafirisha, ule wa plastiki tuliosafiri nao, nikatafuta karatasi yoyote inayosema tofauti. Hakuna. Msichana alikuwa akiosha vyombo, akageuka akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mimi si wako?" Nilimjibu, lakini tangu siku ile usingizi umenihama.

Mume wangu anasema nisijisumbue, wana grini kadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, wakikua wataomba uraia wenyewe. Mimi nimesikia kuna watu walioletwa nchi hii wakiwa wadogo kuliko hawa, wakalelewa na Wamarekani kabisa, na bado walirudishwa walikozaliwa. Ni kweli? Na nishike wapi?

Kutoka: Mkalimani, Louisville

Dada, pole sana. Mimi si mwanasheria. Ni mkalimani, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye kiti cha katikati, wakili huku, watu wetu kule. Nitakuambia ninayoyafahamu, kisha wewe uende kwa wakili na karatasi zako zote.

Ni kweli, na imetokea kwenye jimbo lako hilo hilo. João Herbert alitolewa katika kituo cha yatima Brazil akiwa mtoto wa miaka minane hivi, akaasiliwa, yaani akafanywa mtoto wao kisheria, na familia ya Ohio. Wazazi hawakumwombea uraia. Akiwa kijana alikamatwa kwa kuuza bangi, kosa lake la kwanza, akapewa kifungo cha nje. Lakini kwa Uhamiaji alikuwa mgeni mwenye kosa. Alirudishwa Brazil mwishoni mwa 2000, Kireno kimeshamtoka kichwani, hana ndugu anayemjua. Mwaka 2004 aliuawa huko kwa risasi.

Sasa angalia tarehe. Sheria ya uraia wa watoto ilisainiwa 30 Oktoba 2000, ikaanza kazi 27 Februari 2001. Kabla yake, mzazi aliyeasili mtoto kutoka nje alipaswa kumwombea uraia kwa hatua ya pekee, na wengi hawakujua au walipuuza. Sheria mpya ikasema mtoto anakuwa raia papo hapo masharti yakitimia. Ila iliwahusu tu waliokuwa bado hawajafika miaka 18 siku ilipoanza. Herbert alikuwa na 22. Kila aliyezaliwa kabla ya mwisho wa Februari 1983 aliachwa nje, na mpaka leo muswada wa kuwaingiza umeletwa bungeni mara kadhaa tangu 2015 bila kupita. Watetezi wao husema ni maelfu ya watu wanaoishi hivyo. Watu wa makamo, wenye wajukuu, wanaojibu "Mmarekani" ukiwauliza kwao wapi.

Mwingine ni Adam Crapser, aliyeletwa kutoka Korea Kusini mwaka 1979 akiwa na miaka mitatu. Wazazi wa kwanza waliomuasili walimwachilia, wa pili walimtesa hadi wakahukumiwa. Hakuna aliyekumbuka karatasi zake. Alipokua alikuwa na makosa ya jinai, na alipokwenda mwenyewe kuomba grini kadi ndipo faili likafunguka. Novemba 2016 alirudishwa Korea, akaacha mke na watoto hapa. Mimi jambo hili linaniuma mpaka leo. Mtoto wa miaka mitatu hakujipandisha ndege. Serikali ilitoa viza, mahakama ikagonga muhuri, halafu kosa la watu wazima akabebeshwa yeye.

Tuje kwako. Mume wako hajakosea moja kwa moja, lakini grini kadi si uraia. Tangu sheria za 1996 orodha ya makosa yanayoweza kumfukuzisha mwenye grini kadi ni ndefu, na mengine mtaani huonekana madogo. Kijana wa miaka 19 akipanda gari la rafiki lenye kitu ndani, mwanao mwenye pasipoti atalipa faini au atafungwa kisha atarudi nyumbani. Huyu mwingine anaweza kumaliza kifungo akakuta Uhamiaji wanamsubiri mlangoni.

Uraia wako uliwafikia wanao uliowazaa kwa sababu walikuwa chini ya 18, wana grini kadi, wanaishi kwako. Mtoto wa ndugu unayemlea kwa amri ya ulezi hayumo. Sisi kwetu mtoto wa kaka ni mtoto, hakuna mjadala. Sheria ya hapa inataka hakimu amtamke kuwa wako, yaani umuasili.

Msichana ana nafasi nzuri, ila ana saa inayomhesabia. Lazima aasiliwe kabla ya kutimiza 16. Pia panatakiwa miaka miwili ya kuwa naye kisheria na kuishi naye, na hapo ndipo ile amri ya 2018 iliyokuliza itakusaidia: wakili anaweza kuitumia kuonyesha kwamba miaka hiyo imeshapita. Itunze kama dhahabu. Akiasiliwa na masharti mengine yakiwa yametimia, anakuwa raia siku hiyo hiyo.

Mvulana amepita 16, lakini usikate tamaa. Ndugu wa damu wa mtoto aliyeasiliwa kabla ya 16 na mzazi yule yule anaweza kuasiliwa mpaka kabla ya 18. Kwa hiyo mwambie wakili tangu dakika ya kwanza kwamba wako wawili na ni ndugu wa tumbo moja. Muda ukimpita, anayo njia yake: mkimbizi huhesabiwa ukaazi tangu siku aliyoingia nchini, kwa hiyo akitimiza 18 anaweza kujaza mwenyewe N-400, fomu ya kuomba uraia, miaka mitano ameshaivuka zamani.

Jambo la mwisho, na naomba uwasomee watoto kwa sauti. Wakienda kuchukua leseni, karani huuliza kama wanataka kujiandikisha kupiga kura. Wakatae. Kwenye fomu ya kazi kuna mahali pa kuweka alama kama wewe ni raia au mkaazi wa kudumu. Waweke mkaazi. Kudai uraia usio nao ni jambo ambalo Uhamiaji hawalisamehe kirahisi, hata kama mtoto alilelewa akiamini hivyo. Na mvulana akifika 18 ajiandikishe Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30. Ni wajibu wa mwenye grini kadi pia, na siku ya usaili wa uraia wanaweza kumuuliza.

Kutoka: Mama wa Minneapolis

Nimesoma ya dada wa Dayton nikaona niseme yangu, ingawa si rahisi kuyasema.

Mimi ni Mkenya, mume wangu wa wakati ule Mmarekani. Mwaka 2011 tulimchukua mtoto Uganda. Siku hizo wageni wengi hawakuasili kule kule. Mahakama Kuu ya Kampala ilitoa amri ya ulezi, mnasafiri na mtoto, mnakuja kumuasili mkifika. Uganda ilirekebisha sheria yake ya watoto 2016 na njia hiyo ikafungwa. Viza ya mtoto ilikuwa IR-4. Kama una mtoto wa hivyo, tazama viza kwenye pasipoti yake ya zamani leo hii. Anayekuja na IR-3 ameshaasiliwa kikamilifu alikotoka, akiingia na kuishi na wazazi raia anakuwa raia, na cheti hutumwa nyumbani. Wa IR-4 anaingia na grini kadi tu, na anabaki hivyo mpaka mahakama ya jimbo imalize kazi.

Sisi hatukuimaliza. Kwanza ilikuwa "mwezi ujao", kisha ndoa ikavunjika, kisha kila mmoja alidhani mwenzake amefanya. Mtoto akacheza mpira, akaimba kanisani, akapata lafudhi ya huku. Akiwa na miaka 17 shule ikaomba karatasi za mkopo wa chuo, nami nikafungua droo nikakuta grini kadi iliyokwisha muda. Nilikaa chini sakafuni.

Tulipata hati ya kumuasili miezi minne kabla hajatimiza 18, ambao ndio mwisho kwa mtoto wa IR-4. Miezi minne! Nikamchukulia pasipoti kwanza, kwa kuwa ni bei nafuu na huja upesi, kisha nikaomba cheti cha uraia kwa fomu N-600. Cheti ni ghali, dola 1,335 kwa mtandao tangu Aprili 2024, lakini hakiishi muda kama pasipoti. Mimi nasema chukueni vyote viwili mkiweza. Na mjue N-600 haimpi mtu uraia, inauthibitisha tu. Kama mwanao aliupata kwa sheria akiwa mdogo, anaweza kuomba cheti hata akiwa na miaka 40.

Nilimwomba mwanangu msamaha. Alisema, "Mum, sasa imeisha." Kwangu haijaisha.

Kutoka: Baba wa kambo, Houston

Swali fupi. Mke wangu alikuja na binti yake kutoka Mombasa, mimi nimekuwa raia, mama yake bado ana grini kadi. Binti ana miaka 12. Naye yuko kwenye hatari hiyo?

Kutoka: Mkalimani, Louisville

Kaka, mtoto wa kambo hapati uraia kupitia kwako kwa ndoa pekee. Ama mama yake aape kabla binti hajafika 18, na binti awe na grini kadi na anaishi naye, ama umuasili wewe kabla ya 16. Kama baba mzazi yuko hai, atahitajika kukubali au kushirikishwa kisheria, hivyo njia ya mama mara nyingi ni nyepesi. Ana miaka 12, muda mnao, msiulalie. Na kwa ndugu zetu Waislamu wanaolea kwa kafala: hapa kafala kwa kawaida haihesabiwi kuwa kuasili. Muulizeni wakili kabla hamjaamini mtu wa vijiweni.

Kutoka: Shangazi, Dayton

Mungu awazidishie. Nimempata wakili wa shirika lisilotoza, na nimeshakaa naye mara mbili. Tatizo letu lilikuwa vyeti vya kifo vya kaka na wifi, ambavyo hatukuwahi kuwa navyo. Ameomba nakala ya faili letu la ukimbizi, kwa kuwa vifo vyao niliviandikisha kambini tulipofika. Ile amri ya 2018 aliitazama mara mbili, akaniambia nisiikunje tena.

Mvulana ana miezi saba kabla ya 18, kwa hiyo tunapeleka maombi ya wote wawili pamoja. Kwa umri wao ni lazima wakubali wenyewe kwa sahihi. Msichana alisaini haraka mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Mvulana alisita, akauliza kama atapoteza jina la baba yake. Wakili akamwonyesha kwenye fomu sehemu ya jina, akamwambia aandike lile lile. Akaliandika la baba, lote, kwa herufi kubwa, akasaini.

Tunafungua jalada Jumatatu. Nikipata tarehe ya hakimu nitawaandikia.