Mrejesho: Miungu 12 wamebaki 4

Wiki jana niliwauliza nipange vipi miungu wa dunia ya mchezo wetu wa kuigiza wahusika. Nilikuwa na 12 na wachezaji hawakumkumbuka hata mmoja. Asanteni sana, hasa aliyesema nianze na kile watu wanachokiogopa.

Jumamosi, hapa Kisumu, tulicheza na wanne tu. Mungu wa ziwa nimemvika magugu maji. Anayevua omena (dagaa) usiku lazima amwachie taa moja ikiwaka. Mchezaji mmoja akaizima kuokoa mafuta. Mtumbwi ukanaswa, meza nzima ikanyamaza! Mlinzi wa mawe ni mke mkubwa, wazo nililolitoa Kit Mikayi, miamba mikubwa iliyo karibu na Kisumu, ambayo jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Hao wawili wanadaiana mvua, na deni hilo ndilo linaloendesha hadithi. Mungu wa vita bado hajanikalia sawa.