Upasuaji wa shingo C5-C6 kwa mbele: wiki 6 za mwanzo nyumbani zikoje?

Bongoyo_ya_Juzi:
Wakuu, habari za saa hizi. Mzee wangu, miaka 58, kapangiwa kutolewa diski (ule mto laini) kati ya pingili za shingo C5 na C6, yaani ya tano na ya sita. Wanapitia mbele ya shingo, halafu wanaweka kipande cha kuziba nafasi na bamba lenye skrubu. Maumivu yake yanashuka begani hadi kidole gumba na cha shahada. Mmoja kaniambia kola ya kushikilia shingo avae miezi 3, mwingine kasema haina haja. Nimfuate nani? Na chakula je? Na hiyo ganzi ya vidole inaisha lini?

NesiWaZamu:
Mkuu, kabla ya kola, jiandaeni na koo. Mkato ni wa sentimita 3 hadi 5 tu, lakini ili kuifikia diski inabidi koo la hewa na umio visukumwe pembeni. Ndiyo maana kumeza kunakuwa kwa tabu na sauti inakwaruza, siku kadhaa au hata wiki chache. Mpe uji, mtori, viazi vya kuponda, parachichi. Ugali mkavu, chapati na nyama ya kuchoma visubiri. Ale akiwa amekaa wima, na asilale mpaka ipite nusu saa. Vidonge vikubwa msiviponde kienyeji, muulizeni mfamasia kwanza, kwani vingine vimetengenezwa kutoa dawa polepole. Akipaliwa kila anapokunywa maji, daktari ajue siku hiyo hiyo.

La kuogopa hasa ni damu kuvilia ndani, zaidi saa 24 za mwanzo. Shingo inajaa na kukaza, sauti inabadilika, mgonjwa hawezi kulala chali, anapumua kwa kukoroma. Hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kumpa maji ya kunywa. Akiwa wodini piga kelele, akiwa nyumbani kimbiza hospitali. Baadaye angalieni homa, usaha kwenye kidonda, miguu kulegea au mkojo kugoma.

Mnyoosha_Viungo:
Kuhusu kola, wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Kinachoshika shingo ni bamba na skrubu. Kwa diski moja yenye bamba, madaktari wengi hawavalishi kabisa au huvalisha muda mfupi. Diski zikiwa 2 au 3, au mifupa ikiwa laini, muda unarefuka. Mfuate aliyezifunga hizo skrubu, maana yeye ndiye aliyeuona mfupa. Kuivaa zaidi ya alivyosema si kujiongezea usalama: misuli inasinyaa, na kwa joto letu ngozi ya kidevu inachubuka. Weka kitambaa cha pamba ndani, badilisha kila siku.

Mzigo usizidi kilo 2 hadi 4 kwa wiki 6. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo asiiguse. Kubeba kichwani ni marufuku, hata beseni tupu, mpaka picha zionyeshe mfupa umeunga, yaani zile pingili mbili zimeshikana kuwa moja. Bodaboda pia hapana: mashimo yanatikisa, na helmeti inaongeza uzito juu ya shingo. Kutembea ndiyo dawa, dakika 5 hadi 10, mara 4 kwa siku. Kuamka: ageuke ubavu mwili mzima kama gogo, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono. Simu aiinue usawa wa macho. Kama anaswali, aswali kwa kiti, asujudu kwa ishara.

Dawa_Baridi:
Naongeza mawili. Sigara na ugoro aache sasa, kabla ya kisu. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu na mfupa unagoma kuunga, kisha skrubu zinalegea. Pili, diklofenaki na ibuprofeni asinunue dukani bila ruhusa ya daktari wake, wengi huzizuia kipindi mfupa unaunga. Paracetamol isizidi gramu 4 kwa siku, na kumbukeni dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake.

Bongoyo_ya_Juzi:
Asanteni sana. Ganzi sasa?

Mnyoosha_Viungo:
Maumivu ya mkono ndiyo hutangulia kuondoka, mara nyingi ndani ya siku chache. Nguvu hufuata, ganzi huja mwisho: miezi kadhaa, pengine mwaka, na kama neva ilibanwa muda mrefu inaweza kubaki kidogo. Msishtuke akilalamika maumivu mapya katikati ya mabega. Ile nafasi iliyokuwa imeporomoka imeinuliwa, viungo vya nyuma vimevutika, hutulia taratibu. Ila mkono ukipoteza nguvu upya, hilo si la kusubiri kliniki.

Mfupa kuunga huchukua miezi 3 hadi 12. Kila siku ya eksirei mwende na picha za mwanzo, daktari alinganishe kama kipande kimezama au skrubu imesogea.