Uzi kwenye mkate: ninyamaze, nifute komenti au niombe radhi?

Mama Mikate, Ipagala
Wakuu, mbukwenyi. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Ipagala, Dodoma, tupo sita. Jana mteja kajirekodi akivunja mkate wetu, katikati akavuta uzi mweupe wa urefu wa kidole. Nimeutambua palepale, ni ule wa kushonea viroba vya unga. Video iko Instagram na kwenye magroup ya WhatsApp ya Kisasa na Area C. Kijana wetu wa mtandao keshafuta komenti kumi na kitu. Mume wangu anasema tunyamaze, shemeji anataka barua ya wakili. Nishikeni mkono.

Zabibu Chungu
Kufuta ndiyo mbaya kuliko zote, na mmeshaanza nayo. Mwaka 2010 Greenpeace, wale wanaharakati wa mazingira, walitoa video ya kuishambulia chokoleti ya KitKat kuhusu mafuta ya mawese na misitu ya Indonesia. Nestlé, wenye KitKat, wakataka iondolewe YouTube, wakahamia kufuta komenti za Facebook zenye nembo yao iliyochezewa. Hapo ndipo watu walipomiminika. Miezi michache baadaye kampuni ikaahidi kuachana na mawese ya kukatia misitu.

Mzee wa Nkuhungu
Mimi natetea kimya, ila cha kuchagua. Ingekuwa kwenye group moja tu, ungejibu humo humo. Kwa nini uwapelekee habari wafuasi ambao hawajui lolote?

Zabibu Chungu
Iko Instagram, mzee wangu. Imeshatoka nje ya geti.

Karani Area C
Shemeji apumzike. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata anayechapisha uongo akijua ni uongo. Huyu ana uzi mkononi! Hiyo barua itapigwa picha na kupostiwa kabla wino haujakauka.

Dada wa Makole
Basi inabaki radhi, nazo zinatofautiana. Aprili 2017 abiria wa United Airlines aliburutwa ndani ya ndege pale Chicago, video ikamwonyesha ana damu mdomoni. Taarifa ya kwanza ya bosi wao, Oscar Munoz, iliongea kama vile ni shida ya kupangiana viti. Kesho yake ikabidi aombe radhi upya.
KFC Uingereza, wale wa migahawa ya kuku, Februari 2018 walibadilisha msambazaji, kuku hawakufika, mamia ya migahawa ikafungwa. Wakanunua ukurasa mzima gazetini: ndoo tupu, herufi zao zimegeuzwa kuwa FCK (tusi hilo, msiulize), chini yake radhi isiyozunguka. Watu walicheka. Wewe usiuige huo mzaha, dada. Kukosa kuku kunachekesha, uzi kwenye mkate wa mtoto hapana.

Mama Mikate, Ipagala
Tumechunguza. Vijana walikuwa wanakata mshono wa kiroba juu kabisa ya mashine ya kukandia, na chekeche wameliweka pembeni eti linachelewesha. Sasa viroba vinafunguliwa mlangoni na unga unachekechwa. Nirekodi hayo?

Karani Area C
Rekodi, na usimame wewe mwenyewe, usimsukumie kijana. Sema "uzi wa kiroba". Ukisema "kitu kisicho cha kawaida" watu watadhani ni panya.

Mama Mikate, Ipagala
Na komenti zilizofutwa?

Zabibu Chungu
Hazirudi. Kiri kwenye hiyo hiyo video kwamba mlifuta. Wenye skrinishoti wanasubiri waone kama utalitaja.

Mzee wa Nkuhungu
Umeshampigia mteja mwenyewe? Naona wote mnaongelea video. Mpigie leo kabla ya magharibi.