Kutoka ubalozini kwenda kwenye uchambuzi: rasimu imerudishwa, shida nini?

MwanaNyegezi:
Wakuu, habari za jioni. Kuna ofisa mambo ya nje mstaafu karudi Mwanza, anataka kuwa mchambuzi wa sera za nje, upande wa maji ya Ziwa Victoria na Nile. Rasimu ya kwanza ina kurasa tisa, mhariri kairudisha. Shida iko wapi? Na kiapo cha siri kinambana mpaka wapi?

Kirumba1:
Mkuu, hata bila kuiona: huyo kaandika dokezo la wizara. Usuli kwanza, mwisho "naomba maelekezo yako". Msomaji wa gazeti ana maelekezo gani? Hoja ikae aya ya kwanza, kurasa mbili na nusu zinatosha. Na aachane na "pande zote zimekubaliana kuendelea na mazungumzo". Hiyo ni lugha ya kufunika ugomvi, mchambuzi kazi yake kuufunua.

Sangara wa Igombe:
Aangalie pia asichanganye mikataba, wengi huanguka hapo. Wa 1959 wa kugawana maji ya Nile ni wa Misri na Sudan tu: kwa mwaka, mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, 18.5 kwa Sudan. Uliotugusa ni wa 1929, Uingereza ilipoiahidi Misri, kwa niaba ya maeneo iliyoyatawala, kwamba maji hayataguswa bila idhini yake. Tanganyika ikaukataa 1962. Ndiyo maana maji yanavutwa Ihelele, hapo Misungwi, mpaka Shinyanga na Kahama bila kuomba ruhusa Cairo.

Halafu kusaini si kuridhia, yaani nchi kuuthibitisha mkataba rasmi. Mkataba wa Entebbe, ule mpya wa ushirikiano wa nchi za bonde la Nile, Kenya iliusaini 2010, lakini ulipoanza kutumika Oktoba 13, 2024 ilikuwa haijauridhia. Nchi ya sita, iliyokamilisha idadi iliyohitajika ili uanze, ni Sudan Kusini. Asome ibara ya 14(b) neno kwa neno. Nchi za juu ya mto, maji yanakotoka, zilitaka usalama wa maji wa nchi nyingine usiathiriwe "kwa kiasi kikubwa". Misri ikataka yaongezwe maneno "matumizi na haki zilizopo sasa". Ugomvi wote umelala kwenye maneno hayo machache.

Kirumba1:
Kiapo hakiishi kwa barua ya kustaafu. Jambo alilolijua kwa sababu tu alikuwa kikaoni, aliondoe kwenye rasimu. "Duru za ndani" nazo hazimkingi: kikao cha watu wanne, aliyesema atajulikana kabla ya chai.

MwanaNyegezi:
Asanteni sana. Nimeifungua tena: Ihelele iko ukurasa wa saba.