Bendi ya U2 ilianzaje? Sisi wanne wa Mtwara tunakaribia kuvunjika

Dramu_Shangani
Wakubwa shikamooni. Tuko vijana wanne hapa Mtwara, tumetokea kwaya moja. Magitaa mawili, besi, na mimi dramu. Mazoezi tunafanyia stoo ya korosho ya baba; msimu ukianza magunia yanatutoa nje. Tunapenda roki, U2 hasa. Lakini tukipiga kopi ya wimbo wa watu, unatoka wimbo mwingine kabisa. Juu ya hayo mpiga solo wetu ameanza kusema roki na wokovu haviendi pamoja, anataka kujitoa. Tumwache, tutafute fundi zaidi? Hao U2 walianza wakiwa wanajua?

Besi la Lindi
Marahaba, mpwa. Hawakujua. Nimepiga besi kwenye harusi na kumbi kuanzia Lindi mpaka Nachingwea, na nimeona mafundi wengi ambao bendi zao hazikumaliza mwaka.

Septemba 1976, mjini Dublin, Ireland, Larry Mullen, mpiga dramu kama wewe, akiwa na miaka 14, alibandika tangazo kwenye ubao wa shule yao, Mount Temple: anatafuta wanamuziki. Wakakutana jikoni kwao. Bono, aliyekuja kuwa mwimbaji wao, alikuja akijiona mpiga gitaa. Adam Clayton alikuwa na besi, amplifaya na maneno yote ya wanamuziki. Kuipiga besi yenyewe, bado. Watu hao hata Lindi tunao, na msiwacheke: Adam ndiye aliyehangaika kuwatafutia shoo kabla hawajapata meneja.

Kopi ziliwashinda kama zinavyowashinda ninyi, wakatunga zao. Edge, mpiga gitaa wao, naye hakukimbizana na mafundi wa solo. Alichukua noti chache akazipitisha kwenye kifaa cha mwangwi, kila noti ikawa inajirudia, gitaa moja likajaza ukumbi. Ukisikia tu unajua ni yeye.

Machi 1978 walishinda shindano mjini Limerick: pauni 500 na nafasi ya kurekodi. Mwaka huohuo wakampata meneja, Paul McGuinness. 1979 wakatoa nyimbo tatu zilizouzwa Ireland tu, London hawakushtuka. Februari 1980 wakapiga kwenye ukumbi wa ndondi wa taifa huko kwao, na mwezi uliofuata Island Records, kampuni ya kina Bob Marley, ikawasainisha. The Joshua Tree, albamu iliyowafikisha namba moja Marekani, ni ya 1987. Piga hesabu mwenyewe tangu jikoni.

Sasa huyo mpiga solo wenu. Mimi Mwislamu, ya kwaya yenu siyaingilii. Ila Bono, Edge na Larry walikuwa kwenye kikundi cha maombi kilichoitwa Shalom, na 1981 Edge alifika hatua ya kuondoka kwa swali hilohilo. Hawakumwekea mtu mwingine. Albamu yao ya 1983, War, inafungwa na wimbo uliotoka Zaburi ya 40, na kwa miaka mingi wakawa wanamalizia nao shoo, watu wanaendelea kuimba hata bendi imeshashuka jukwaani. Mwambieni aje mazoezini na Zaburi yake.

Binti Mikindani
Mjomba Besi, maneno matamu, lakini Dublin kulikuwa na kumbi, na redio za kuwapigia. Hapa kwetu mwenye harusi anakodi DJ na spika zake, kamaliza. Roki atailipia nani?

Besi la Lindi
Hapo umenibana, mwanangu. Hela ya roki Kusini haipo bado. Ndiyo maana nataka watunge kwa Kiswahili, kitu ambacho DJ hana kwenye flashi yake. Na watoke malipo ya korosho yakianza kuingia, si Machi watu wanapotafuta hela ya kula.

Dramu_Shangani
Asante mjomba. Jana amekuja, gitaa mkononi, hajasema kitu. Sasa tukipata hizo hela tunagawanaje? Amplifaya ni ya mmoja wetu, na anaikumbusha kila siku.

Besi la Lindi
U2 muziki wao wameuandika kwa jina la bendi nzima, hakuna mtunzi mmoja anayekula peke yake. Wanne wale wanagawana sawa. Mwenye amplifaya mlipeni ya kukodi kwanza, kama mtu baki, kisha kinachobaki kata mafungu manne. Yaandikwe na yasainiwe kabla ya shoo ya kwanza, maana baada ya shoo kila mtu anajiona ndiye aliyeshangiliwa.